Grand Forks: mji ulioambiwa futi 49

Mwishoni mwa Februari 1997, watabiri wa hali ya hewa wa serikali ya Marekani waliwapa wakazi wa Grand Forks, North Dakota, namba moja: 49. Theluji ikiyeyuka, walisema, Mto Red utapanda hadi futi 49, yaani karibu mita 15 kwenye kipimo cha mjini. Namba haikuja na "pengine" wala "kati ya hapa na pale". Ilikuja bila kusema inaweza kukosea kwa kiasi gani, na watu wakaishika kama inavyoshikwa bei ya mafuta ikishatangazwa. Mji ukainua matuta yake ya kuzuia maji hadi futi 52. Wanafunzi, wazee na askari wakajaza magunia ya mchanga usiku na mchana. Wenye nyumba wengi wakapiga hesabu, wakaona bima ya mafuriko ni pesa ya kutupa. Aprili ilipofika mto ulipita 49, ukapita 52, ukaja kusimama kwenye 54.35.

Mto huu una tabia zake. Unatiririka kwenda kaskazini, kuelekea Winnipeg huko Kanada. Baridi inapoanza kulegea, theluji ya kusini huyeyuka kwanza, maji yakaanza safari, kisha yakakuta mbele barafu ambayo bado haijavunjika. Na nchi yenyewe haina mteremko. Enzi za barafu hapa palikuwa chini ya ziwa kubwa mno, ambalo wanajiolojia huliita Agassiz, na shamba la mkulima wa leo ni sakafu ya ziwa hilo. Kwa kilomita nzima mto unashuka kama sentimita 10 hivi. Maji yakizidi hayana pa kukimbilia, yanatanda tu.

Majira ya baridi ya 1996 kuingia 1997 yalikuwa yameleta tufani nane za theluji, mpaka gazeti la mji, Grand Forks Herald, likaanza kuzipa majina kama vimbunga vya baharini. Ya mwisho, Hannah, ilipiga mwanzoni mwa Aprili, ikaangusha nguzo za umeme wakati ule ule watu walipohitaji pampu. Siku chache baadaye maji yakaingia mitaani. Jumamosi ya tarehe 19 Aprili moto ukazuka katikati ya mji uliofurika. Wazimamoto walikuwa wamezama viuno kwenye maji, lakini mabomba ya kuzimia moto hayakutoa kitu. Majengo 11 yaliteketea. Moja lilikuwa la gazeti lenyewe, ambalo lilihamia kwenye shule ya kijiji cha jirani, likachapwa kwa msaada wa gazeti la jiji la St. Paul, Minnesota, na halikukosa kutoka hata siku moja. Mwaka uliofuata lilipewa tuzo ya Pulitzer kwa utumishi wa umma.

Watu wapatao 50,000 walihama kutoka Grand Forks na mwenzake wa ng'ambo ya mto, East Grand Forks, ulioko Minnesota. Hakuna aliyekufa maji mjini. Hasara ilihesabiwa kwa mabilioni ya dola.

Sasa kisa chenyewe. Mji wa watu wasiofika 50,000, kwenye nyanda ambako joto la Januari hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, ambako vijana kwa vizazi vitatu wamekuwa wakikimbilia Minneapolis na kwingineko, unapigwa pigo la aina hii. Kwa desturi ya nyanda za kaskazini, ungepukutika. Mamia ya vijiji vya North Dakota vimepukutika bila hata tone la mafuriko. Lakini sensa inasema hivi: mwaka 1990 wakazi walikuwa 49,425; mwaka 2000, miaka mitatu baada ya maji, walikuwa 49,321; mwaka 2010 walikuwa 52,838; na mwaka 2020 wakafika 59,166. Walioondoka wasirudi walikuwepo, na walikuwa maelfu. Ila mji haukukatika mzizi.

Maelezo ya kawaida ni moyo wa watu wa huko, ustahimilivu wao, ujirani wao. Sibishani nayo, lakini moyo hauwalishi watu 50,000. Ukiangalia daftari la uchumi la Grand Forks unakuta jambo jingine: vitu vikubwa vinavyoulisha mji vilikuwa mali ya watu ambao hawangeweza kufunga virago. Kinu cha unga ni cha jimbo. Chuo kikuu ni cha jimbo. Kiwanda cha sukari ni cha wakulima wenyewe. Kambi ya jeshi la anga ni ya taifa. Mwenye mtaji wa kawaida, ghala lake likizama, huuliza kama inafaa kujenga tena hapo hapo au kwingine. Hawa wanne swali hilo halikuwafaa. Wa mwisho, kambi, ndiye mwenye masharti, na nitamrudia.

Kinu cha wakulima waliokasirika

Ukitokea kaskazini mwa mji, huwezi kukikosa kinu hiki: maghala ya nafaka ya zege yaliyosimama kama minara, mabehewa yakisubiri zamu. North Dakota Mill ndicho kinu pekee cha unga nchini Marekani kinachomilikiwa na serikali ya jimbo, na ndicho kikubwa kuliko vinu vyote vya nchi hiyo vilivyo mahali pamoja. Kinasaga zaidi ya tani 2,000 za unga kwa siku, zaidi ngano nyekundu ngumu ya nyanda hizo, inayopendwa na waokaji mikate kwa nguvu ya gluteni yake, ile protini inayofanya unga uvutike, na ngano ya durum inayotengenezwa tambi. Sehemu kubwa huondoka bila kufungashwa, kwa malori na treni, kwenda viwanda vya mikate. Kinachobaki hufungwa kwenye mifuko ya karatasi yenye jina Dakota Maid na kuuzwa madukani kama unga mwingine wowote. Mama anayeunyanyua rafuni pengine hafikirii kwamba ananunua kwa serikali.

Jinsi kilivyozaliwa ni hadithi ambayo mkulima wa kahawa au pamba wa Afrika Mashariki angeielewa kabla haijafika katikati. Mwanzoni mwa karne ya 20, mkulima wa North Dakota alikuwa na ngano tu. Reli ilikuwa ya watu wa St. Paul, madaraja ya ngano yalipangwa na wanunuzi wa Minneapolis, na benki ilikuwa ya watu hao hao au jamaa zao. Ngano iliyosinyaa kidogo ilipewa daraja la chini na bei ya chakula cha mifugo, kisha ikaenda kusagwa unga mzuri kabisa. Mkemia wa chuo cha kilimo cha Fargo, Edwin Ladd, aliipima ngano hiyo na kuonyesha kwamba mkulima alikuwa anapunjwa. Mwaka 1915, A. C. Townley, mkulima wa kitani aliyekuwa amefilisika, akaanzisha chama kilichoitwa Nonpartisan League, akizunguka shamba kwa shamba kwa gari kuandikisha wanachama. Mwaka 1916 chama kikashinda ugavana. Mwaka 1919 bunge la jimbo likapitisha sheria za kuanzisha benki ya jimbo, iliyowekwa Bismarck, mji mkuu wa jimbo, na kinu cha jimbo, kilichopewa Grand Forks.

Gavana wao, Lynn Frazier, mkulima aliyesoma chuo kikuu cha hapo hapo Grand Forks, aling'olewa kwa kura ya wananchi mwaka 1921. Alikuwa gavana wa kwanza wa Marekani kung'olewa kwa njia hiyo. Kinu kikafunguliwa mwaka 1922, waliokipigania wakiwa wameshatolewa ofisini. Wapinzani wao wangeweza kukiua, hawakukiua. Leo North Dakota hupigia kura wahafidhina kwa wingi usio na shaka, na bado ina benki ya serikali na kinu cha serikali. Mwanasiasa anayetaka kuviuza hujikuta anaongea peke yake. Napenda kisa hiki kwa sababu kinawavuruga wale wanaodhani umiliki wa umma ni imani ya upande mmoja wa siasa. Hapa umekuwa kama jembe: hakuna anayeliuliza lina itikadi gani maadamu linalima. Faida ya kinu inagawanywa, sehemu ikibaki kukipanua na sehemu nzuri ikiingia hazina ya jimbo.

Lakini kuna upande wa kutoutia chumvi. Kinu kinaajiri watu mia moja na zaidi, si maelfu. Uzito wake mjini ni wa aina nyingine: ni mnunuzi wa ngano ambaye yupo kila mwaka, bei iwe juu au chini, na ambaye hawezi kununuliwa na kampuni ya mbali na kufungwa Ijumaa mchana.

Sukari inayogandishwa nje

Ng'ambo ya mto, East Grand Forks, kipo kiwanda cha sukari tangu mwaka 1926. Sukari ya huku haitoki kwenye miwa. Inatoka kwenye kiazi sukari, mzizi mweupe mnene kama figili iliyonenepeana, unaopenda udongo mzito wa sakafu ya ziwa la kale. Kiwanda ni kimojawapo cha vitano vya American Crystal Sugar, kampuni ambayo wakulima waliinunua mwaka 1973 na kuigeuza chama cha ushirika. Mwenye hisa ndiye mwenye haki na wajibu wa kuleta viazi.

Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba bonde zima halilali. Malori yanapanga foleni saa 24, matope yanatapakaa barabarani, watu wanachukua likizo kazini mwao waende kuendesha malori kwa wiki mbili. Viazi vinamwagwa kwenye viwanja vya wazi, marundo marefu kuliko uwanja wa mpira, na hapo ndipo baridi inapogeuka mtaji. Kiwanda hakiwezi kusaga vyote kwa mkupuo, kinahitaji miezi. Kwingine duniani ungehitaji ghala la barafu la gharama isiyosemeka. Hapa feni kubwa zinasukuma hewa ya nje ndani ya rundo, viazi vinaganda, na vinakaa hivyo mpaka zamu yavyo ifike mwezi wa tatu au wa nne. Jokofu ni Januari yenyewe. Baridi ikichelewa, au joto likija katikati ya msimu, viazi huoza na harufu yake hufika mbali.

Mali ya ushirika haina maana kwamba kila mtu ameketi meza moja. Agosti 2011 wakulima hao wenye kampuni waliwafungia nje wafanyakazi wapatao 1,300 wa viwanda vyote vitano baada ya kushindwa kuelewana juu ya mkataba. Wakaleta vibarua. Mgogoro ulikaa karibu miezi 20. Wafanyakazi waliukataa mkataba mara kadhaa kabla ya kuukubali Aprili 2013, wengi wakiwa wameshapata kazi kwingine au wamestaafu. Mji mdogo haukusahau: mwenye hisa na aliyefungiwa nje wanakutana kanisani, na watoto wao wako timu moja ya hoki. Na sukari yenyewe isingekuwa na bei hiyo bila sheria za Washington zinazowekea mipaka sukari ya kigeni. Wakulima hujua hilo vizuri kuliko wanauchumi, ndiyo maana hawapitwi na mjadala wowote wa sheria ya kilimo.

Chuo na anga

Chuo Kikuu cha North Dakota kilianzishwa mwaka 1883, miaka sita kabla ya North Dakota kuwa jimbo. Kina wanafunzi wapatao 15,000, katika mji wa watu 59,000. Piga hesabu ya pango, chakula na mavazi ya baridi mwenyewe. Kilichokitofautisha ni anga. Shule ya urubani ilianza mwaka 1968 na ndege mbili. Leo chuo kina zaidi ya ndege 100, na siku ya anga safi uwanja wa ndege wa Grand Forks, mji ambao abiria wake wangetosha kwenye mabasi machache, una miruko na mituo mingi kuliko viwanja vya miji mikubwa, kwa sababu wanafunzi wanazunguka wakitua na kuruka tangu asubuhi.

Kidogo kuhusu hoki, maana ukiandika juu ya Grand Forks bila hoki ya barafu utaambiwa hujaandika. Ukumbi wa chuo uliofunguliwa mwaka 2001, wenye gharama ya zaidi ya dola milioni 100, ulikuwa zawadi ya mwenye kasino wa Las Vegas, Ralph Engelstad, aliyewahi kuichezea timu ya chuo kama golikipa. Kabla haujakamilika alitishia kusimamisha ujenzi endapo chuo kingeacha jina la timu lililokuwa la kabila la Wasioux. Chuo kililiacha baadaye, mwaka 2012, yeye akiwa ameshafariki. Ni mfano mdogo wa jinsi pesa ya mtu mmoja inavyoutikisa mji wa saizi hii.

Kambi: mlezi mwenye masharti

Kilomita 25 hivi magharibi ya mji iko kambi ya jeshi la anga iliyojengwa miaka ya 1950. Wakati wa Vita Baridi ilitunza ndege za kulipua mabomu, na mashambani kuzunguka kulikuwa na makombora 150 ya nyuklia ya Minuteman ndani ya mashimo ya zege, mkulima akipanda ngano mpaka kwenye uzio. Hayo yote yaliondoka kipande kwa kipande: ndege za mabomu katikati ya miaka ya 1990, kikosi cha makombora mwaka 1998, mwaka mmoja tu baada ya mafuriko. Kisha mwaka 2005 tume ya kupunguza kambi ikaamua ndege za kujaza mafuta angani nazo zihame. Ya mwisho iliondoka mwaka 2010.

Hapa ndipo pesa za anga za chuo na hofu ya kambi zilipokutana. Badala ya kulilia ndege zilizoondoka, viongozi wa jimbo na chuo walikimbilia zile zisizo na rubani. Chuo kilianzisha shahada ya kuziendesha mwaka 2009. Kambi ikapewa Global Hawk, droni kubwa za upelelezi. Desemba 2013 North Dakota ikachaguliwa kuwa mojawapo ya maeneo sita ya majaribio ya droni nchini. Na kwenye ardhi ya kambi yenyewe, kwa kuipangisha, likafunguliwa eneo la biashara za droni, Grand Sky, la kwanza la aina yake Marekani, kampuni za ndege za kijeshi Northrop Grumman na General Atomics zikiwa wapangaji wakuu. Anga pana, watu wachache chini, baridi inayojaribu betri mpaka zikate roho: kasoro zote za mahali zikawa sifa kwenye kitabu cha matangazo.

Hesabu baada ya maji

Turudi mwaka 1997. Pesa ya kujenga upya ilitoka Washington kwa sehemu kubwa sana. Rais Clinton alifika tarehe 22 Aprili, mto ukiwa bado juu. Nyumba zaidi ya 800 zilinunuliwa na kubomolewa. Mtaa mzima wa Lincoln Drive ukageuka bustani, barabara zake zikienda mpaka kwenye majani na kuishia hapo. Tuta na kuta za zege za miji yote miwili, zilizokamilika mwaka 2007, ziligharimu dola milioni 409. Kati ya tuta na mto kuna uwanda wa ekari 2,200 ulioachiwa maji yatakapoutaka. Yasipoutaka, watu wanatembea na baiskeli.

Pesa ndogo zaidi ndiyo iliyokumbukwa zaidi. Mtu asiyejitaja alitoa dola milioni 15, kila familia iliyopigwa na maji ikapata dola 2,000 taslimu, bila fomu ndefu. Watu walimwita Malaika. Waandishi wa habari walifuatilia ndege yake iliyotua mjini wakamtambua: Joan Kroc, mjane wa mwenye McDonald's. Dola 2,000 hazijengi nyumba, lakini zilifika kabla ya afisa yeyote.

Siasa ilikuwa na shukrani fupi. Meya Pat Owens, mwanamke mfupi aliyeonekana kwenye runinga za dunia akiwaomba watu watoke majumbani, alishindwa uchaguzi mwaka 2000. Nani amepata fidia, nani nyumba yake imeangukia upande mbaya wa mstari wa tuta, nani amepewa ardhi ya katikati ya mji: maswali hayo humchosha mpiga kura upesi kuliko mafuriko. Aliyemshinda, daktari Michael Brown, alikaa miaka 20.

Sekta moja niipite haraka, kwani yenyewe ndivyo ilivyo. Maduka na hoteli za Grand Forks zinaishi kwa Wakanada wa Winnipeg, mwendo wa saa mbili na nusu. Dola yao ilipolingana na ya Marekani karibu na mwaka 2011, maegesho ya jengo la maduka la Columbia Mall yalijaa magari yenye namba za Manitoba, jimbo la Winnipeg. Ilipoanguka, yakakauka. Mpaka ulifungwa Machi 2020 mpaka Novemba 2021, na mwaka 2025 ugomvi wa ushuru ukawafanya Wakanada wengi wakae kwao kwa hasira. Hakuna diwani mwenye dawa ya hili.

Kiwanda kilichozuiwa na barua

Sasa yule mlezi mwenye masharti. Novemba 2021 mji ulitangaza kwamba umepata kile ambacho kila mji wa nyanda hizi huota: kampuni ya Kichina, Fufeng, ingejenga kiwanda cha kusindika mahindi kwa mamia ya milioni ya dola, ajira zaidi ya 200, na soko jipya la mahindi kwa wakulima. Kampuni ilinunua ekari 370 pembezoni mwa mji. Kwa meya mpya, Brandon Bochenski, mchezaji wa zamani wa hoki wa chuo hicho na wa ligi kuu ya Amerika, huu ulikuwa mradi wa enzi.

Kutoka kwenye shamba hilo hadi kambini ni kama kilomita 20. Kwanza wakazi walilalamikia harufu, maji na kodi. Kisha likaja neno ujasusi, na mambo yakabadilika sura. Mikutano ya baraza ikajaa watu. Saini zikakusanywa kutaka kura ya wananchi. Mji ukazikataa, kesi ikaenda mahakamani. Kamati ya Washington inayochunguza uwekezaji wa kigeni iliombwa kuamua, ikajibu kwamba jambo hilo liko nje ya mamlaka yake. Mji ukabaki umeshika jibu lisilo jibu: hakuna aliyekataza, hakuna aliyeruhusu. Kwa miezi viongozi wa mji wa watu 59,000 walikuwa wanatakiwa kuamua suala la usalama wa taifa kwa kutumia vibali vya ujenzi na mabomba ya maji.

Mwisho wa Januari 2023 ilitoka barua ya jeshi la anga. Ilisema wazi kwamba mradi ni tishio kubwa kwa usalama wa taifa. Siku chache baadaye, tarehe 6 Februari, baraza lilipiga kura bila hata mmoja kupinga: kuusimamisha mradi, kunyima vibali na kukata mpango wa miundombinu. Waliokuwa wakiusifu mwaka mmoja nyuma waliinua mkono pamoja na wengine.

Kuna wanaosoma kisa hiki kama ushindi wa wananchi dhidi ya baraza, na wanaokisoma kama chuki dhidi ya Wachina. Vyote viwili vilikuwemo ukumbini. Lakini mimi naona zaidi daftari la uchumi. Mji ambao miaka 25 kabla uliokolewa na mlezi asiyehama ulijaribu kujitafutia mtaji wake mwenyewe, na mlezi akasema hapana. Hakukuwa na mizani ya kweli kati ya ajira 200 na kambi. Kinachonikera ni kuchelewa. Jibu lingeweza kutolewa kwa ukurasa mmoja kabla ya ardhi kununuliwa na majirani kuacha kusalimiana, na wenye jibu walikuwa wanaishi kilomita 20 magharibi.

Mwaka 2024 kampuni ya Kibelgiji, Agristo, ilitangaza mpango wa kiwanda cha viazi vya kugandishwa mjini humo, wa mamia ya milioni ya dola. Viazi mviringo vimelimwa bondeni kwa zaidi ya karne, na mji tayari una kiwanda kingine cha chipsi. Safari hii aliyetoa mtaji ni wa nchi ya NATO, na kelele za ujasusi hazikuzuka.

Wa kuzifanya kazi hizo ni swali jingine. Miaka ya karibuni Grand Forks ilipokea wakimbizi, wengi kutoka Bhutan na Somalia. Miongoni mwa Wasomali wa Marekani wamo wengi waliopitia kambi za Dadaab na Kakuma, na Kiswahili cha kambini hakijawatoka. Desemba 2015 mgahawa wao mjini hapo, wenye jina la Juba, ulirushiwa chupa ya petroli usiku na kuungua. Kijana aliyefanya hivyo alihukumiwa kifungo cha miaka 15, na watu wa mji walichanga pesa. Mji unaohitaji mikono haujaamua bado kama unawataka wenye mikono.

Kuhusu namba 49. Mwaka 2009 Mto Red ulipanda hadi futi 49.33, na mwaka 2011 ukafika 49.87. Hayo ndiyo maji waliyoahidiwa mwaka 1997. Daraja la Sorlie lilifungwa, lile la mwaka 1929 ambalo mafundi waliliwekea magurudumu chini kwa sababu kingo za udongo hazitulii mahali pamoja. Magari yalizunguka kwa Daraja la Kennedy, ngano ikaendelea kusagwa, na ndege za wanafunzi zikapita juu ya uwanda uliojaa maji zikielekea kutua.